Behewa Lenye Dirisha Chooni

Magidu wa Mafubira huunda mabehewa ya treni yenye urefu wa mkono mmoja, na mgongo humuuma kana kwamba ameyasukuma yale ya kweli kutoka Jinja hadi Tororo. Ana miaka sitini na sita. Miwani yake ina mguu mmoja wa plastiki na mwingine wa waya wa shaba. Meza yake iko barazani, upande usiopigwa na jua la asubuhi, na juu yake pana makopo ya mafuta ya kupikia yaliyopasuliwa na kunyooshwa, vipande vya mvule, wembe, gundi, na msumari butu wenye kazi moja tu: kugonga bati kutoka nyuma mpaka litoe kipele mfano wa ribiti ya kuungia mabati. Behewa moja lina vipele elfu mbili na zaidi. Mkewe, Halimah, huwaambia wageni kwamba mume wake alistaafu kupiga ribiti ili apate nafasi ya kupiga ribiti.

Mtu akitaka treni ya kupendezesha kabati, aende kwa wachongaji wa mjini wanaowauzia watalii. Atapewa kitu chekundu chenye magurudumu, kinachofanana na treni kama mbuzi anavyofanana na hakimu: wote wana ndevu. Magidu haundi vitu hivyo. Kwake futi moja ya kweli ni nusu inchi mezani, na inchi haina mjadala. Na haundi behewa lolote lile, ila yale aliyoyajenga upya kwa mikono yake mwaka wa tisini na tano, katika karakana ya mwenye tenda mmoja pale Jinja. Yalikuwa manne. Yaliingia yakiwa ya daraja la pili, yenye vyumba na vitanda, yamechakaa kuliko waliokuwa wakiyapanda. Mafundi waling'oa vyumba, wakapanga mabenchi ya daraja la tatu, wakaufunika ubavu kwa bati jipya na kukata madirisha mapya. Rangi ikapakwa, na kila mtu akasema ni jipya. Lakini behewa lililojengwa upya halisahau lilikotoka. Pale mlango wa zamani ulipozibwa pana kiraka, na kwenye sakafu yamebaki matundu ya skrubu za vitanda. Magidu huyatia yote hayo. Mteja akilalamika kwamba kiraka kinaharibu sura, Magidu humjibu kwamba hata yeye mteja ana kovu kwenye paji la uso na mama yake hakumrudisha hospitali.

Behewa la kwanza ameliunda mara tano, la pili mara mbili, la nne mara tatu. La tatu hakuwahi kuligusa kwa miaka ishirini na tisa.

La tatu ndilo lililokuwa na dirisha kubwa chooni. Kosa lile lilikuwa la Magidu, na aliyeadhibiwa ni rafiki yake Odero.

Mambo yalikwenda hivi. Katika karakana ile hakuna aliyepima dirisha kwa tepu. Tepu zilikuwa mbili, moja imekatika na nyingine inakaa mfukoni mwa msimamizi, Bwana Yekosofati, kama rozari. Kwa hiyo fundi mmoja alikata ufito wa futi kumi na mbili, akauchonga alama zote za madirisha, na wengine wote wakakata bati kwa kuufuata. Behewa lina pembe nne, ufito una nyuso nne, nao kila uso ulikuwa na pembe yake: moja, mbili, tatu, nne. Ukilizunguka behewa, unauzungusha ufito. Pembe za upande wa choo zilikuwa na alama ya kidirisha kidogo cha juu, kiasi cha kuingiza hewa na kutoa aibu. Pembe nyingine zilikuwa na madirisha makubwa ya abiria.

Na palikuwa na sheria ambayo haikuandikwa mahali: aliyekata ufito ndiye mwenye kosa lolote litakalotoka kwenye ufito. Ilizuia mabishano. Sheria nyingi huzuia mabishano kwa kumnyima mtu mmoja nafasi ya kusema.

Ufito wa behewa la tatu ulikatwa na Odero, Mjapadhola mrefu asiyesema sana, fundi aliyekuwa akinoa msumeno hadi kuku wanahama. Aliyeushika wakati wa kukata ni Magidu. Alikata ubavu wa kwanza vizuri kabisa, uso wa moja, uso wa mbili. Akazunguka upande wa pili huku akibishana na mwenzake Shafik kuhusu mpira wa Jumapili, na kwa kuwa mkono una mazoea yake, akaanza tena na uso wa moja, kisha wa mbili. Uso wa tatu na wa nne hazikugusa bati. Basi benchi la mwisho likapata kitundu cha choo, na choo kikapata dirisha la abiria, futi tatu kwa mbili na nusu, kimo cha mtu aliyechuchumaa.

Waligundua asubuhi yake, bati limekwisha kupigwa ribiti. Bati si kitambaa, huwezi kulifumua. Bwana Yekosofati hakuuliza nani alikata. Aliuliza, "Ufito wa nani?"

Odero akainua mkono.

Yekosofati akauvunja ufito gotini, akausukuma motoni chini ya birika la chai, na kabla chai haijachemka Odero alikuwa hana kazi. Magidu alisimama hatua tatu kutoka hapo. Alikuwa na mtoto wa wiki mbili nyumbani. Alijiambia atasema kesho. Kesho yake Odero alikuwa amekwisha kubeba sanduku lake na kupanda kwenda Mbale.

Behewa lilitoka hivyo hivyo. Kioo kilipakwa rangi nyeupe, abiria wakaikwangua kwa funguo ili waone wamefika wapi, na kwa muda uliobaki wa treni za abiria, watu wa kila stesheni waliona mengi kuliko ratiba ilivyoahidi.

Odero hakushika msumeno tena. Hakuna aliyemkataza. Ushahidi ulikuwa umeungua chini ya birika, naye akaamini kwamba mkono wake ndio uliochonga moja mahali pa tatu bila kujua. Fundi asiyeziamini alama zake mwenyewe ni kama muadhini asiyeijua saa, heri akae kimya. Akaingia ulinzi kwenye kinu cha mahindi, akawa mlinzi mpaka nywele zikawa na rangi ya unga hata siku za mapumziko. Kila Krismasi Magidu alimpigia simu, kila Idi Odero akapiga. Walizungumza mvua, magoti na bei ya sukari. Behewa halikutajwa.

Kisha mwaka huu, mwezi wa pili, Gorreti binti Odero akapiga.

"Mzee Magidu, baba anaacha ulinzi. Watoto tumekaa tukaona tumfanyie kitu kidogo nyumbani, hapa Malukhu. Nikasema nani mwingine anaweza kumtengenezea behewa lake?"

"Behewa gani, binti yangu?"

"Lile la tatu. Lakini mzee, nakuomba. Lile dirisha la choo, lirekebishe. Weka dogo. Hapa wanamwita Dirisha. Wakubwa kwa watoto, Mzee Dirisha. Asije akachekwa na zawadi yake mwenyewe."

Magidu alisema sawa. Halimah, aliyekuwa akichambua mchele hatua mbili kutoka hapo, aliendelea kuchambua mpaka simu ilipozimwa. Yeye aliijua habari yote tangu mwaka wa kumi wa ndoa, siku Magidu alipougua malaria na kuitoa pamoja na matapishi.

"Baba Nasif, utaweka dirisha gani?"

"Mtoto anataka dogo."

"Sijauliza mtoto anataka nini. Mtoto hakuwepo."

"Nikiweka dogo mzee atafurahi, tutakula, nitarudi nyumbani."

"Kale, haya basi. Na hivyo vipele unavihesabu vya nini? Vipele elfu mbili vya kweli, choo cha uongo." Akapeta mchele, makapi yakaruka hadi kwenye gundi. "Mimi nimechoka na hilo behewa, na sikuwahi hata kulipanda."

Alianza kazi. Alikata mvule wa fremu, akanyoosha makopo, akakata ufito wa inchi sita wenye unene wa njiti mbili za kibiriti, nyuso nne, alama kwenye kila uso. Ubavu wa kwanza ulimchukua wiki tatu. Kisha akafika ubavu wa pili na mkono ukagoma.

Mkono wa fundi unajua kukosea bila kuagizwa, lakini ukiuagiza ukosee, unageuka mcha Mungu. Mara mbili aliweka uso wa moja mahali pa tatu, na mara mbili vidole vikauzungusha ufito vyenyewe, bila ruhusa. Yaani leo! Leo ndipo vinakumbuka. Mara ya tatu alikata, lakini alikata kidirisha kidogo, sawasawa kama Gorreti alivyoomba. Akalitazama. Lilikuwa behewa zuri sana. Lilikuwa behewa ambalo halikuwahi kupita kwenye reli yoyote, na ndani yake hakuna aliyekosea, kwa hiyo hakuna aliyefukuzwa, na Magidu hakuwahi kunyamaza. Alikaa nalo tangu adhuhuri hadi alasiri. Mgongo ulimuuma, macho yakamuuma, na zaidi ya vyote ilimuuma ile hesabu, kwamba akilipeleka hivi itabidi aendelee kunyamaza, na alikuwa hana tena nguvu za kunyamaza. Kunyamaza nako ni kazi, na haina kustaafu.

Akalibandua bati, akalitupa, akachukua kopo jingine. Safari hii alimwita Halimah amsomee nyuso kwa sauti.

"Moja," akasema Halimah.

Akakata moja.

"Mbili."

Akakata mbili. Dirisha kubwa likaangukia chooni, inchi moja na nusu kwa moja na robo.

Alifika Malukhu, mtaa wa Mbale, Jumamosi asubuhi, behewa ndani ya boksi la televisheni. Mlangoni kwa Odero palikuwa na turubai na viti vya kukodi. Gorreti alifungua boksi jikoni, akazunguka upande wa pili, akaweka mkono mdomoni.

"Mzee! Nilikuomba nini?"

"Ulisema behewa la baba yako. Hili ndilo."

"Banange, jamani, nitalifunika na nini sasa?"

Hakupata muda wa kulifunika. Mlangoni alisimama jirani yao, Afande Wanyama, polisi mstaafu aliyewahi kusindikiza treni, mwenye tumbo lililoendelea na utumishi baada yake. Ndiye aliyelileta lile jina Malukhu, kwa kuwa aliliona dirisha lile kazini kila wiki. Alichukua behewa kwa mikono miwili, akalibeba hadi nje, akaliweka kwenye meza mbele ya Odero.

"Dirisha! Umeletewa nyumba yako! Angalia, angalia choo! Mimi hapa nimeona makalio ya wakubwa wa nchi hii, mimi, kutoka Jinja mpaka Tororo, hata kusalute nilisalute!"

Watu wakacheka. Odero naye alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayelipa kiingilio. Aliinama akatazama. Alitazama kiraka cha mlango wa zamani, akatazama vipele, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa dirisha lile.

"Umelifanya vizuri, fundi," akasema taratibu. "Kama lilivyokuwa. Hata kosa langu umeliweka."

"Si kosa lako."

"Eeh?"

"Ufito wako ulikuwa sawa, Odero. Nyuso zote nne. Mimi sikuuzungusha. Nilifika upande wa pili nikaanza na moja, nikamaliza na mbili. Tatu na nne sikuzitumia kabisa. Nilijua siku ile ile. Nikanyamaza."

Kicheko kilikatika kwa vipande, kwanza cha waliokuwa karibu, mwisho cha Wanyama, ambaye hakuwa amesikia na aliendelea peke yake kwa muda wa kutosha kuona haya.

Odero alivuta kiti. Alikaa. Alitazama mikono yake kwanza juu, kisha viganja, kama mtu aliyerudishiwa kitu na kituo cha polisi na anataka kuhakikisha hakijabadilishwa.

"Tatu nilichonga tatu?"

"Ulichonga tatu."

"Mimi napima kitanda changu kabla ya kulala, unajua? Mlango wa kuku, nilimwita mtu aje kunipimia. Mlango wa kuku, Magidu."

"Najua. Hapana, sikujua. Nisamehe."

"Ngoja. Hiyo baadaye." Akamgeukia jirani yake. "Afande, umesikia?"

"Nimesikia nusu."

"Sema tena," Odero akamwambia Magidu.

Magidu akasema tena. Alipomaliza, Odero akamwita mama wa chapati ng'ambo ya barabara, naye akavuka na mikono ya unga, na Odero akasema, "Sema." Akaja mwalimu wa kwaya, sema. Wakaja vijana wawili wa bodaboda, mmoja baada ya mwingine, waliokuwa wakimwita Dirisha bila hata kujua kwa nini, na ikabidi waelezwe kwanza dirisha, ndipo waelezwe kosa. Magidu alisema mara sita. Mara ya kwanza ilimtoa machozi. Mara ya nne aliona aibu kwamba sasa anaisimulia vizuri, anajua mahali pa kupumzika na mahali watu watakapoguna. Mara ya sita ilikuwa kazi tu, kama vipele. Gorreti alimletea maji bila kumtazama usoni.

Mara ya saba haikuwepo pale, kwa sababu watu waliisha. Odero akavaa koti.

"Sasa twende Nkoma."

"Baba, chakula kinapoa," Gorreti akasema.

"Kipoe. Yekosofati yuko Nkoma kwa binti yake. Yeye ndiye aliyeuliza ufito wa nani. Naye asikie."

Walikwenda kwa pikipiki mbili, Odero mbele na behewa mapajani, Magidu nyuma akila vumbi lake, na akaona ni haki.

Janepher, binti wa Yekosofati, alikuwa mwalimu, naye aliwapokea kwa adabu iliyochoka ya mtu anayemuuguza mzazi. "Karibuni wazee. Lakini nawaambia mapema, kumbukumbu imekwenda. Jana ameniuliza mimi ni mke wa nani."

Bwana Yekosofati alikuwa na miaka themanini na minane, amefungwa blanketi kwenye kiti cha uani. Odero alisimama mbele yake kama alivyosimama siku ile, mikono pembeni.

"Bwana, ni mimi, Odero. Wa karakana ya Jinja. Behewa la tatu."

"Odero nani?"

"Uliyemfukuza, bwana. Habari ya ufito."

Mzee alimtazama kwa upole kabisa. Macho yake hayakuwa na karakana ndani, wala behewa, wala Odero yeyote. "Karibu," akasema. "Umeshakunywa chai?"

Magidu alimwona Odero akipungua ndani ya koti. Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyetoa hukumu ile, na hukumu imebaki, hakimu kaondoka. Magidu alitaka kumshika mkono, akaona hana haki ya kuugusa mkono ule.

"Turudi, Odero," akasema. "Hatasikia."

"Mwambie hata hivyo."

"Hajui hata tunaongea nini."

"Mwambie, Magidu. Kutoka mwanzo."

Basi Magidu, goti lake likilia, akapiga magoti ili awe sawa na kiti, akaweka behewa kwenye blanketi, na akaanza. Pembe nne, nyuso nne, ukilizunguka behewa unauzungusha ufito. Mzee alikuwa akitazama kuku. Lakini lilipotajwa bati, alishusha macho. Kidole chake kilichopinda kikapita kwenye vipele kimoja kimoja, kikapita kwenye kiraka, kikafika kwenye dirisha la choo na kusimama. Akainama kuchungulia ndani. Uso ukakunjamana.

"Hiki ni choo," akasema.

"Ndiyo, bwana."

"Dirisha hili la abiria limefika vipi chooni? Hii kazi mbovu! Nani amekata?"

Swali lilikuwa limechelewa miaka ishirini na tisa, na halikuwa lile la ufito wa nani.

"Mimi, bwana. Magidu."

"Na ufito?"

"Ufito ulikuwa wa Odero. Ulikuwa sawa."

"Basi wewe kesho usije kazini," akasema Bwana Yekosofati. "Chukua vitu vyako. Odero abaki."

Akajifunika blanketi na kurudi kwenye kuku wake. Janepher akaanza kuomba radhi, wazee wasamehe, siku hizi anafukuza watu hovyo, juzi amemfukuza padri. Hakuna aliyemsikiliza. Odero alikuwa amegeukia ukuta, mabega yakitikisika, na kutoka hapo chini Magidu hakuweza kujua kama ni kilio au kicheko.

"Sawa, bwana," Magidu akasema. Akashika mkono wa kiti ili ajiinue, goti likakataa, akabaki pale pale chini akingoja.